Namsubiri Fundi

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana nayajua magoti yako na naujua ubishi wako. Sisi huku hatujambo. Mume wangu amepona ile homa, ila bado anatembea kwa hatua za mgonjwa kila anapoona vyombo vichafu. Mtoto ameng'oka jino la pili la mbele na sasa kila neno lake linatoka na upepo. Mimi bado nipo kwenye lile ghala la vipuri, nahudumia kompyuta kumi na nane zilizojaa vumbi. Mfikishie Bibi shikamoo yangu, umwambie sikio la kushoto, kwa sauti.

Nakuomba kitu kimoja kabla sijaendelea. Usinipigie simu kuhusu haya ninayoandika. Kwenye simu mimi na wewe huishia kuulizana mvua na mafua. Andika. Nataka kusoma.

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini alikuja na chakula kimefungwa kwenye gazeti, na kwenye ukurasa ule uliolowa mafuta nikaona picha ya Miwani, yule mhadhiri wa Baba. Amenenepa, kipara kimefika kisogoni, lakini miwani ni ile ile. Gazeti linasema mhadhiri huyu amebuni mtandao unaounganisha kompyuta za watu wa kawaida, za majumbani na madukani, zifanye hesabu kubwa kwa pamoja bila kuwa na kompyuta kuu. Eti wazo lilimjia akiwa anaoga. Tarehe kumi na nne mwezi wa nane, saa nne asubuhi, atawaonyesha wageni wakubwa pale ukumbini chuoni jinsi mtandao "wake" unavyochora ramani ya maji: mto ukifurika, maji yatapita mtaa gani kwanza.

Akiwa anaoga, Shangazi. Miaka kumi na mmoja Baba alizunguka na baiskeli akimwomba kinyozi, mfamasia, karani wa shule, mwenye studio ya picha: niazime kompyuta yako wakati huitumii. Mia tatu na kumi na tatu, mmoja mmoja, aliwaandika kwa mkono kwenye daftari lenye jalada jekundu. Mtandao wenyewe akauita Ujirani. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa maabara tu, hana shahada, akaenda kumwonyesha mwenye shahada. Kilichofuata tunakijua sote wawili. Miwani alimpeleka kwenye kikao, akasema fundi anaiba umeme na mashine za chuo kwa mambo yake binafsi, shahidi akapatikana, na Baba akatolewa kazini na kwenye nyumba ya chuo kwa barua moja. Amekufa akiitwa mwizi wa umeme.

Daftari jekundu liko kwako, kwenye chumba cha nyuma alichoishi miaka yake miwili ya mwisho. Nitumie. Nataka Miwani aone aibu ile ile, mbele ya watu wengi zaidi, na nataka aione akiwa amesimama.

Mwanao.

&nbsp;

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, nilikuwa naisoma tu. Usininunie.

Bibi nimemfikishia salamu. Akauliza wewe ni yule mrefu au yule mwenye maneno mengi. Nikamwambia ni huyo huyo mmoja. Paa linavuja palepale juu ya kitanda changu, nalala nimejikunja upande kama mgeni. Seremala alikuja, akatazama juu, akasema "mmh", akaondoka na ngazi yake. Daktari kaniambia nitembee, muuguzi wake kaniambia nipumzike, basi natembea hadi kwenye kiti.

Kompyuta ya baba yako bado iko mezani kule nyuma, na siizimi. Bibi kila asubuhi huenda kuiwekea kiganja kwa juu. Hasikii inavyonguruma lakini anasikia joto. Hutoka pale akisema, "Yuko kazini," halafu ndipo anakunywa chai. Mimi simsahihishi.

Kuhusu Miwani, mwache. Wewe una kazi na una mtoto, na chuki si mzigo wa kubeba safari ndefu hivyo. Daftari nitalitafuta, sikumbuki nililiweka wapi. Na nikwambie kitu cha kukupoza: baba yako hakuwahi kujua nani alisema nini kwenye kikao kile. Walimficha karatasi. Amekaa kwangu miaka miwili, tumekula meza moja, hata siku moja hakuuliza. Ilikuwa heri.

Mbusu mtoto kwenye pengo.

Shangazi yako.

&nbsp;

26 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto amebusiwa, akajifuta. Hapa kazini wametuletea viti vipya, na vya zamani wamempa bosi wa ghala kwa heshima, kwa hiyo sasa bosi analia mgongo. Mume wangu anakusalimu.

Miaka ishirini na minne ulikuwa karani pale chuoni. Kitabu cha funguo kilikuwa kwako na hujawahi kupoteza hata ufunguo wa choo. Leo unaniambia hukumbuki daftari jekundu uliliweka wapi. Mimi najua ungeweza kulipata ukiwa umefumba macho.

Ngoja nikueleze ninachotaka kufanya, labda utalikumbuka. Unajua Ujirani unavyofanya kazi, lakini nitarudia. Hesabu kubwa inakatwa vipande vidogo vidogo. Kompyuta moja inapokea kipande, ikishindwa au ikiwa na shughuli inampa jirani yake, na yule anampa wake. Hakuna mkubwa wa kuwaamuru. Kila kipande wanapewa majirani watatu wasiojuana, na majibu ya wawili yakifanana, hilo ndilo jibu. Basi nitatengeneza majirani mia nane wa uongo, wote wajibu uongo mmoja. Siku hiyo ramani ya Miwani itaonyesha maji yakipanda mlima na kuingia kwenye ukumbi wenyewe. Nimekaa hapa nacheka peke yangu. Daftari nalihitaji ili nijue nani yuko karibu na nani.

Kama hutaki kulituma, niambie kwa nini hutaki. Uliwahi kuwa mkali sana juu ya Miwani, mwanzoni. Kisha ulipohamia ile ofisi yako yenye dirisha ukapoa. Nakumbuka.

Mwanao.

&nbsp;

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Bibi aliugua kifua, sasa amepona na amerudia kugomba, ndio maana nimechelewa. Seremala amerudi. Safari hii alipanda, akasema "mmh" akiwa juu.

Daftari limepatikana. Lilikuwa kabatini chini ya mashuka, na lilikuwa huko siku zote, kwa hiyo tusibishane.

Nilitaka kukujibu kwamba uache mambo haya. Barua ya hivyo niliiandika na kuikunja. Kisha nikaenda kwa yule mfamasia wa baba yako kuchukua dawa ya Bibi, na nani anaingia, Miwani. Alinikumbuka. Akanisalimu vizuri tu, akauliza hali, halafu akamwambia mtu aliyekuwa naye, mbele yangu na mbele ya mfamasia: "Huyu kaka yake alikuwa akitubebea nyaya zamani. Bahati mbaya alikuwa na tabia ya udokozi." Alisema bila hata kushusha sauti. Mfamasia akaacha kuhesabu vidonge. Mimi nilisimama pale na magoti yangu mabovu, nikamtazama mpaka akatoka, na tangu siku ile sili vizuri. Nataka yule mtu aanguke. Nataka nimwone anavyoanguka.

Lakini si kwa uongo. Kwanza, mfamasia anakaa bondeni, na ramani ile itakuja kutumiwa na watu wa bondeni kujua wakimbilie wapi. Huwezi kuyapeleka maji mlimani ukawaacha wao wamelala. Pili, baba yako aliwapa watatu kazi moja kwa sababu ya watu waongo. Sasa binti yake ndiye aje kuwa yule mwongo?

Sikiliza mimi. Kwenye kompyuta ya kule nyuma, pembeni chini, kuna kitufe kimeandikwa "Leo hapana". Ukikibonyeza, mashine yako inaacha kazi papo hapo, na chini yake kuna nafasi ndogo imeandikwa "Sababu, ukipenda". Hicho kitufe ndicho kilichowagombanisha mwanzo kabisa. Niliwasikia kupitia ukuta. Miwani alisema: ukimpa mtu njia ya kutoka, atatoka. Baba yako akasema: nisipompa, nimemwibia. Miwani hakufaulu kukiondoa, na hadi leo hajui kilivyofungwa humo ndani. Amebadilisha rangi tu na kuandika jina lake juu.

Mmoja akibonyeza, hakuna atakayejua, majirani watabeba kazi yake. Baba yako aliutengeneza hivyo. Kumi wakibonyeza, vile vile. Lakini wote wakibonyeza saa nne kamili, kazi haina wa kuibeba. Saa tano wawashe, hesabu iendelee ilipoachia, na watu wa bondeni wasipoteze hata mtaa mmoja. Miwani hawezi kuwaamuru kwa sababu hawajui. Hajawahi kwenda kwa mtu kuomba. Gazeti limesema mtandao wake una kompyuta mia mbili na themanini na kitu. Mwanangu, ni hao hao wa daftari jekundu, ukiwatoa waliokufa na waliohama.

Nikutumie daftari, uwapigie?

Shangazi yako.

&nbsp;

19 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole ya kifua cha Bibi. Huku tumekatiwa maji siku nne. Mtoto amefurahi sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenishinda, na sijali, mpango wako ni mkali kuliko wangu. Mimi ningemharibia ramani. Wewe unataka kumwacha jukwaani na mtandao usiomtii. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Ila daftari usilitume. Wapigie wewe. Mimi hawanijui, watadhani ni tapeli. Wewe sauti yako wanaijua, ndiwe uliyekuwa ukipokea simu za chuo. Na nina masharti mawili. La kwanza, usimwambie mtu abonyeze kabla hujamweleza Fundi alifanyiwa nini, lote, tangu mwanzo hadi kikao. Hakuna kubonyeza kwa kuambiwa tu. La pili, wakiuliza, wajibu. Swali lolote. Usiache hata moja.

Mwanao.

&nbsp;

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Bibi mzima, mimi mzima nusu. Sikio langu la kulia limekuwa jekundu kwa simu, Bibi ananiambia nipake mafuta.

Nimeanza mwanzo wa daftari. Ungemwona baba yako alivyoandika. Hakuna jina hata moja, ni lakabu na maelezo. "Kinyozi wa kona, mashine yake polepole lakini mwaminifu." "Mama wa studio, usimpigie kabla ya chai." "Yule wa benki ya damu, anacheka peke yake." Nawatambua kwa sauti kabla hawajajitambulisha.

Wengi hawakujua kwamba amekufa. Hilo sikulitarajia, na ndilo linalonichosha. Kinyozi wa kona aliniambia, "Mwambie aje, redio yangu aliahidi kuitengeneza." Nikamwambia amekufa, mwaka wa tatu sasa. Nikasikia mkasi unaendelea. Nikamweleza ya kikao na ya Miwani. Akasema, "Sawa. Nitabonyeza. Na pale kwenye sababu nitaandika namsubiri Fundi." Nikasema sawa. Aliyefuata nikamwambia alichoandika kinyozi, naye akasema basi na mimi nitaandika hivyo hivyo. Limekuwa ndilo neno letu.

Wapo wabishi. Mwenye studio anasema yeye hapendi ugomvi, atabonyeza, lakini kwenye sababu ataandika umeme umekatika. Nimemwambia inatosha.

Nimefika mstari wa arobaini, nikapumzika wiki mbili. Wa arobaini ni yule karani wa shule, mwanamke makini, unajua makarani tulivyo. Nilipomaliza kueleza akaniuliza: "Umesema shahidi alipatikana. Shahidi alikuwa nani?" Nikamwambia kuna mtu anabisha hodi, nitakupigia. Hakukuwa na mtu mlangoni.

Kwa nini usiwapigie wewe waliobaki? Una sauti changa.

Shangazi yako.

&nbsp;

11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Mpigie tena karani wa shule. Tulikubaliana usiache swali.

Wamebaki wengi na siku ni chache. Endelea.

Mwanao.

&nbsp;

20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba ya barua fupi. Sasa na mimi nikuandikie ndefu, maana nimeona kwa macho yangu na sitaki usimuliwe na mwingine.

Wastaafu tulialikwa, nilikuwa na kadi. Nilivaa lile gauni la bluu na viatu vinavyoniua. Nyumbani nilimwacha Bibi kwenye kompyuta ya nyuma. Tulifanya mazoezi siku tatu, namshika kidole, nakiweka kwenye kitufe. Nilimwekea saa ya mkononi mbele yake, nikamwambia mshale mfupi ukifika hapa, bonyeza. Akauliza, "Ni kwa ajili yake?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ondoka, unanichelewesha."

Ukumbi umejaa. Miwani juu, suti mpya, nyuma yake ukuta mzima ni skrini. Kulia ramani inajichora, mtaa baada ya mtaa kwa bluu. Kushoto juu kumeandikwa: majirani walio kazini, 284. Chini yake kuna nafasi nyeupe, na yeye hata hajui ni ya nini. Akaeleza habari ya kuoga. Watu wakacheka. Akasema, "Mtandao huu hauwezi kuzimika. Mmoja akitoka, mwingine anashika nafasi yake." Maneno ya baba yako, neno kwa neno, niliwahi kuyapiga chapa mwenyewe.

Ikagonga saa nne. 284 ikawa 270. Akaendelea kuongea. Ikawa 190. Mgeni mmoja wa mbele akanyoosha kidole. Miwani akageuka, ikawa 66, na ramani ikasimama katikati ya mtaa. Kisha ile nafasi nyeupe ikaanza kujaa. Namsubiri Fundi. Namsubiri Fundi. Namsubiri Fundi. Mstari juu ya mstari, mwingine unaandikwa wa juu haujapotea. Katikati ikapita moja: Umeme umekatika. Huyo ni mwenye studio, sikujizuia, nilicheka. Nyingine: Mke wangu kasema namsubiri Fundi. Namba ikashuka mpaka moja. Hiyo moja ilikuwa kompyuta yake mwenyewe, pale mezani mbele yake, kaishika kwa mikono miwili.

Akasema ni hitilafu ndogo. Akabonyeza hiki na kile. Jasho likaifanya miwani yake iteleze, akawa anairudisha, inateleza, anairudisha. Mgeni mkubwa, mama mmoja mwenye sauti nzito, akauliza: "Fundi ni nani?" Miwani akasema hamjui. Hapo mfamasia akasimama kule nyuma, sikujua hata kama amekuja, akasema, "Ulimtaja dukani kwangu mwezi wa nne. Ulimwita mdokozi." Mama yule akamwambia Miwani awashe basi mtandao wake. Hakuweza. Akamwambia awapigie hao majirani wawashe. Hana namba hata moja. Tukakaa hivyo kwa saa nzima, mwanangu. Hakuna aliyetoka. Alikuwa amesimama, kama ulivyotaka.

Saa tano kamili 284 zikarudi, ramani ikaendelea kuchora pale ilipoishia. Hilo ndilo lililommaliza, maana kila mtu aliona kwamba yeye hahusiki kuzima wala kuwasha. Juzi chuo kimeniita, wametaka lile faili la kikao lifunguliwe upya, na Miwani ameambiwa asiingie ofisini kwanza. Mama mwenye sauti nzito ameagiza jina la Fundi liandikwe juu ya mtandao kabla ramani haijatolewa kwa watu. Ukitaka kujua nimejisikiaje, nimejisikia vizuri. Nilimpita pale mlangoni, nikamwambia, "Nyaya zako zimebebwa." Si maneno makali, lakini nilikuwa nayo tangu Aprili.

Daftari nimelimaliza. Mistari mia tatu na kumi na miwili, nimewapigia wote. Waliopo bado ni mia mbili na themanini na mmoja, wengine simu zimekufa au wenyewe. Karani wa shule nilimpigia tena. Nilimjibu alichouliza. Akakata simu. Siku yenyewe alibonyeza, lakini mimi hajanipigia tena. Baada yake sikungoja kuulizwa, nikawa nawaambia mwenyewe mwanzoni, na wale wa kwanza nikawarudia. Wapo walionitukana, sikubishana nao. Yule wa benki ya damu hakucheka. Wewe sioni sababu ya kukurudia hayo, barua imeshakuwa ndefu na paa linavuja juu ya karatasi.

Bibi anakusalimu. Anasema kazi imekwisha, anaweza kulala.

Shangazi yako.

&nbsp;

4 Septemba

Shangazi,

Sisi wazima.

Ulichomfanyia Miwani nimekisoma mpaka karatasi imelegea. Saa nzima amesimama. Nashukuru kwa hilo, na shukrani hiyo ni ya kweli.

Sasa nami nikuandikie nisichokuandikia tangu Februari. Siku tulipokuwa tunakunja nguo za Baba, ulitoka kwenda kuchemsha maji. Kwenye mfuko wa ndani wa lile koti la kijivu nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Ni nakala ya maelezo ya shahidi. "Mimi, karani wa funguo, nimemwona mara nyingi akiwasha mashine za chuo baada ya kazi, bila idhini." Idhini ulikuwa unampa wewe, Shangazi, kwa kumkabidhi ufunguo na kumwandika kitabuni. Maneno yamepigwa chapa na Miwani, lakini saini ni yako. Naijua saini ile. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule baada ya Mama kufa. Mwezi uliofuata walikupa ofisi yenye dirisha.

Uliniandikia kwamba Baba hakujua, na ilikuwa heri. Mikunjo ya karatasi ile imechakaa hadi inatoboka, imefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Amekula mezani kwako miaka miwili nayo ikiwa mfukoni mwake. Kila ulipomuuliza kama chumvi inatosha, alikuwa anajua. Sitaki ulisikie hili kwa mtu mwingine, na sitaki lipite bila wewe kulisikia.

Daftari sikulihitaji. Baba alinitumia picha za kurasa zake zote zamani. Ningeweza kuwapigia wote mimi mwenyewe kwa wiki mbili. Nilitaka uwapigie wewe. Nilijua mmoja wao atauliza, na nilijua ukishajibu mmoja utalazimika kuwajibu wote. Miwani nilimtaka, ndiyo. Wewe nilikutaka zaidi. Nilidhani watu mia mbili na themanini na mmoja wakilisikia kutoka kinywani mwako nitatosheka, na nimengoja nitosheke, na sijatosheka.

Nimehesabu. Fungua ukurasa wa mwisho, mstari wa mia tatu na kumi na tatu, mkono wa Baba: "Binti yangu. Yuko mbali. Asiyependa kudanganywa." Namba yangu ya simu haijabadilika. Huo mstari umeuruka.

Nilikukataza simu. Sasa nakuruhusu. Jumapili saa nne asubuhi nitakuwa nimekaa karibu nayo. Uniambie kama ulivyowaambia wao. Sikuahidi nitakujibu nini, na mimi pia nina kitufe cha kukata.

Usianze na salamu.

Binti wa Fundi.